Kiti cha Watumiaji Wote

Nchi ya Mwangaruka haimo katika ramani ya shule, na hata aliyewahi kuikanyaga hawezi kumwelekeza mwenzake njia. Tusekile Mwambene, fundi cherehani wa Tukuyu, aliikanyaga siku ya Jumatano saa nne asubuhi, mkasi mfukoni na futi ya kupimia shingoni. Namna alivyofika na namna alivyorudi hazina la kusimuliwa. Aliyoyaona ndiyo aliyoyaleta, nayo yanaandikwa hapa kama alivyoyasema, bila kuongezwa chumvi.

Alijikuta amesimama bondeni, katika barabara ya vumbi jekundu kati ya mashamba ya mahindi, nguzo za umeme zimepangana mbele yake hadi macho yalipokoma. Kwanza alimshukuru Mungu kwa kuwa mzima. Kushangaa kulifuata baadaye.

Kila nguzo ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, na juu ya rangi hiyo yameandikwa maneno yaleyale: NYAYA ZITAPUMZIKA KUANZIA ALHAMISI TAREHE 12. Mwanamke mrefu mwenye ndoo kichwani alikuwa amesimama mbele ya nguzo moja akiyasoma polepole, midomo ikimcheza. Aliposikia nyayo aligeuka, akaiona futi kabla ya kumwona mwenye futi.

"Karibu, mgeni," alisema. "Wewe ni fundi?"

"Fundi wa sare za kwaya, mama."

"Basi Mungu anatupenda. Fundi wetu ameolewa mbali, na kitambaa cha kupeleka mjini hakijapigwa pindo."

Huyu alikuwa Ndekwa, kiongozi wa kikundi cha akina mama kumi na wawili wa Bonde la Chekeleni waliokuwa wakitotolesha vifaranga kwa mashine ya umeme. Alimchukua Tusekile nyumbani, akampa uji wa ulezi na viazi vya kuchemsha, wala hakumwuliza ametoka wapi mpaka alipomaliza kula. Kisha alimwonyesha chumba cha mashine. Ilikuwa kabati kubwa la mbao lenye kioo mlangoni, na ukilisogelea ulihisi joto lake usoni kama pumzi ya mtu aliyelala. Ndani mlikuwa na mayai mia sita kwenye trei, kila yai lina alama ya kalamu upande mmoja ili wajue lipi limeshageuzwa.

"Leo yana siku kumi na moja," Ndekwa alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba yangeweza kuamka. "Jumamosi ya tarehe kumi na nne yatapasuka. Ndiyo mara yetu ya kwanza kuijaza mashine yote. Kila nyumba ya bonde hili imetoa mayai ya kuku wake. Yakiharibika, hakuna atakayetuamini tena kwa yai hata moja. Na mimi ndiye niliyepita mlango kwa mlango kuyaomba."

"Na hizo nyaya zitapumzika kwa muda gani?"

"Siku nzima kila wiki. Toka jua lichomoze hadi lichomoze tena. Wanasema zimechoka."

Tusekile alihesabu kwa vidole. Alhamisi hiyo mayai yangekuwa na siku kumi na tisa. Hata yeye, ambaye kuku aliwajua zaidi sahanini, alielewa kwamba kifaranga hawezi kukaa baridini kutwa kucha huku zimebaki siku mbili tu aone dunia.

"Mmeshapeleka malalamiko?"

Ndekwa alicheka bila ubaya. "Hakuna haja, dada. Kiti chetu kitakataa."

Hapo ndipo Tusekile alipoelezwa sheria za Mwangaruka, naye alizisikiliza kwa adabu, kama mtu aliyeandaliwa chakula asichokijua.

Umeme wa nchi hiyo ulisimamiwa na Baraza la Nyaya, lililokuwa na ukumbi wake katika mji mkuu wa Kilelembwe. Sheria ilisema matangazo yote ya Baraza yabandikwe juu, mahali pa wazi. Kwa hiyo yalibandikwa kwenye dari ya ukumbi, na mwananchi aliyetaka kuyasoma aliruhusiwa kulala chali sakafuni kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, mradi amevua viatu. Sheria ilisema pia kwamba mwenye malalamiko abonyeze kengele ya getini ndipo afunguliwe. Kengele ilikuwa ya umeme. Siku umeme ulipokatika haikulia, na karani aliandika kitabuni kwamba siku hiyo hakuna aliyekuja. Taarifa za miaka yote zilionyesha kuwa wananchi hawakuwahi kulalamika siku ya giza, hata mara moja. Baraza lilijivunia jambo hilo, na kila mwaka lililitolea hotuba.

Sheria iliyopendwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa ya Kiti. Waasisi wa Baraza walikuwa watu wema. Walitaka mtumiaji wa umeme naye awe na nafasi penye maamuzi, wakachonga kiti cha mninga, wakakiweka meza kuu, kulia kwa Mdhibiti Mkuu, na mgongoni mwake wakaandika: KITI CHA WATUMIAJI WOTE. Baada yao wakaja wanasheria. Hao walisema kiti cha wote hakiwezi kukaliwa na mmoja, maana atakuwa amewanyang'anya wenzake. Na wote hawawezi kukikalia, maana hawaenei. Hivyo kiti kikabaki kitupu, kikapewa mtumishi wa kukifuta vumbi kila asubuhi. Katika kila kikao Mdhibiti Mkuu aligeuka kulia, akakiuliza, "Watumiaji wanasemaje?" Akangoja kwa heshima kiasi cha pumzi tatu. Kisha karani akaandika: Watumiaji wameafiki.

Wananchi nao walikipenda kiti chao. Kila mwaka vikundi vya kata moja, kwa zamu, vilishona kitambaa cha kukifunika, vikakipeleka mji mkuu siku ya kikao kikuu. Waliamini kwamba kiti kikivikwa vizuri kitawakumbuka. Mwaka huo zamu ilikuwa ya Chekeleni, na kikao kilikuwa Jumanne tarehe kumi.

Tusekile alikikunjua kitambaa juu ya meza. Kilikuwa cheupe, kipana, katikati kimetariziwa kuku wa rangi ya chungwa na maneno TUKUMBUKE CHEKELENI. Kazi ilikuwa safi. Alipitisha kidole kwenye mshono.

"Mama Ndekwa, niwie radhi, mimi ni mgeni. Kiti kitajuaje habari za mayai?"

"Si kuna picha ya kuku?"

"Picha inasema mna kuku. Haisemi mayai yana siku ngapi."

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mfupi mwenye unga kwenye nyusi, amekuja kurudisha chekecheo. Aliitwa Sikitu, na ndiye aliyewaongoza wasagaji wa mashine ya nafaka. "Mimi niliuliza hivyohivyo miaka mingi iliyopita," alisema. "Nikaambiwa nina mdomo."

"Unao kweli," Ndekwa alisema.

"Ninao. Kiti ndicho hakina."

Ndekwa alikuwa tayari kucheka, lakini kicheko kilimkwama njiani. Alivuta kigoda akaketi. Alitazama nje, kwenye nguzo iliyokuwa karibu na banda lake, rangi bado mpya.

"Kikao ni Jumanne ijayo," alisema taratibu, "na nguzo zimepakwa rangi tangu juzi. Wamejuaje kiti kitasema nini?"

Mashine iliendelea kunguruma chumbani.

Tusekile aliinamisha kichwa, akasali kimoyomoyo. Hakuomba hekima kubwa, maana hakujua angeiweka wapi. Aliomba tu aonyeshwe kazi inayomtosha fundi cherehani. Alipoinua kichwa alikitazama tena kitambaa. "Ni kipana hiki," alisema. "Kina nafasi ya maneno mengi."

Siku zilizofuata Tusekile alijionea jambo lililomfanya amshukuru Mungu kila alipolikumbuka. Watu wa Chekeleni hawakuunda chama kipya, wala hawakuchagua kamati. Walivichukua vikundi walivyokuwa navyo tayari, wakaongeza jambo moja katika kila kikao. Kikundi cha kuzikana kilikutana Alhamisi kama kawaida, na baada ya kupanga habari za turubai na masufuria wakaulizana: umeme wetu ukoje? Kwaya waliulizana Ijumaa baada ya mazoezi. Wasagaji waliulizana Jumamosi wakisafisha mashine.

Ikaonekana kila kikundi kilijua kitu ambacho wengine hawakukijua. Wanakwaya walijua kuwa saa moja jioni umeme hupungua nguvu, kwa sababu kinanda chao hushuka sauti na waimbaji wa sauti ya nne hulaumiwa bure. Watu wa kuzikana walijua transfoma ipi hulipuka mvua ikianza, kwa kuwa walikuwa wamekesha misiba mingi chini yake. Wasagaji walijua mota huchemka saa ngapi. Maarifa hayo yote yalikuwa yamelala bondeni miaka mingi, kila moja nyumbani kwake, yakisubiri kiti kiyaseme.

Jumapili baada ya ibada vikundi vyote vinne vilikutana kwenye baraza la mashine ya kusaga. Ndekwa alisimama akaomba wote waikatae siku ya mapumziko. Alidhani litakuwa jambo jepesi.

"Mimi siikatai," alisema Sikitu.

Watu wakageuka.

"Msinitazame hivyo. Nyaya zimechoka, na mimi nimechoka. Siku nzima bila unga puani, nijipake mafuta, nionekane mtu. Wasagaji wote tumeafikiana. Mayai ni yenu nyie kumi na wawili."

"Sikitu, na wewe ulitoa mayai manne."

"Nikijua ni manne tu, Ndekwa. Sikutoa siku yangu ya kupumzika."

Palizuka kelele. Mzee mmoja wa kikundi cha kuzikana alisema kwamba mradi watu wanakufa bila kujali ratiba, yeye hana upande. Ndekwa hakubishana. Alikwenda nyumbani, akarudi na yai moja amelifunga kwenye kanga, na tochi. Alimwita Sikitu ndani ya chumba cha kusagia, akafunga mlango giza likaingia, akaliweka yai juu ya mwanga wa tochi. Tusekile alikuwa pamoja nao. Waliona ganda limewaka wekundu kama kiganja kikikinga taa, na mishipa membamba, na kivuli cheusi katikati. Kivuli kikajitupa.

Sikitu alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa ganda.

"Limepiga teke," alisema.

"Ndiyo."

"Kabla hata hajatoka ameshakuwa mkorofi." Akatazama tena, kwa muda mrefu zaidi. "Lirudishe haraka, litapoa. Ndekwa, hivi hao vifaranga wanaweza kuvumilia saa ngapi?"

"Tukiwafunika mablanketi na jua likiwa kali, saa tatu. Saa tatu na nusu, kwa maombi."

"Basi nyaya zipumzike saa tatu na nusu kila siku, kuanzia saa sita mchana. Saa hizo mota yangu huwa inachemka, lazima niizime hata hivyo. Nitajipaka mafuta mchana."

Walitoka wakawaeleza wenzao. Mwanakwaya mmoja aliyejua hesabu alizidisha mara saba, akasema inapita siku moja kwa nusu saa. "Tuwape hiyo nusu," alisema Sikitu, "wasije wakasema Chekeleni ni wachoyo." Wote wakaafiki, na safari hii waliafiki kwa midomo yao.

Tusekile alishona Jumatatu kutwa. Kuku wa chungwa alimwacha palepale, akayazungusha maneno ya vikundi pembeni mwake, na kila kikundi kikaja kutia alama yake kwa uzi wa rangi yake. Vidole vilimfa ganzi. Alijiona amepewa heshima kubwa, yeye asiye mwenyeji, kuyapitisha maneno ya watu wengi hivyo kwenye tundu la sindano.

Jumanne asubuhi Ndekwa, Sikitu na Tusekile walikuwa kwenye geti la Baraza la Nyaya. Umeme ulikuwa umekatika mjini. Sikitu alibonyeza kengele mara tatu, haikulia.

"Kaka, tufungulie," alimwambia mlinzi aliyekuwa amesimama upande wa pili wa nondo, hatua mbili tu kutoka kwake.

"Sijasikia kengele," mlinzi alisema.

"Lakini unaniona."

"Nakuona vizuri kabisa, mama. Sheria inahusu kusikia."

Ndekwa alikiinua kitambaa. Hapo mlinzi alinyoosha mkono, akawaonyesha mlango mdogo wa ubavuni, maana wenye kuleta kitambaa hawakuhesabiwa kuwa walalamikaji. Mlango huo ulifunguliwa na mzee mwembamba aliyevaa glavu nyeupe. Huyu ndiye Kasimbazi, Mtunza Kiti, aliyekuwa amekifuta vumbi kile kiti kila siku kwa miaka kumi na tisa. Aliwapokea kwa unyenyekevu, akakikunjua kitambaa, na mikono ikamsimama hewani.

"Kina maneno mengi mwaka huu."

"Ni ya watu wengi, mzee wangu," alisema Ndekwa.

Kasimbazi aliyasoma yote, mstari kwa mstari. Tusekile alimwangalia akihofia atakirudisha. Aliondoa kitambaa cha mwaka uliopita, akatandaza kipya, kisha akapita kukinyoosha kwa kiganja, pembe hadi pembe, asiache neno hata moja lifichwe na mkunjo.

Kikao kilifunguliwa. Mdhibiti Mkuu, Bwana Fumbwe, alikuwa mtu mnene, mpole, asiye na hila yoyote. Alikuwa amekuta mambo hivyo na kuyaendeleza hivyo. Alisoma pendekezo la kuzipumzisha nyaya siku nzima kila wiki, kata kwa kata. Kisha aligeuka kulia kwa heshima.

"Watumiaji wanasemaje?"

Karani alikuwa ameshaandika Watumiaji wameaf... Bwana Fumbwe hakugeuza shingo. Alitoa miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma kwa sauti:

"Sisi vikundi vinne vya Chekeleni hatujaafiki siku nzima. Tunaafiki saa tatu na nusu kila siku, kuanzia saa sita mchana. Tumewaongezea nusu saa."

Mjadala uliozuka ulikuwa mzito. Mwanasheria wa kwanza alisema kwamba aliyesema ni kitambaa, na kitambaa si kiti. Wa pili alisema kwamba kimya ndiyo desturi ya kiti, na kiti kilichovunja desturi kitolewe nje mpaka kitulie. Wa tatu, aliyetaka kuwapatanisha, alishauri maneno hayo yabandikwe kwenye dari. Bwana Fumbwe aliwasikiliza wote. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa limefanywa katika ukumbi ule: aliuliza swali kwa sababu alitaka kujua jibu.

"Kwa nini saa sita?" alikiuliza kiti.

Kiti kilinyamaza. Alingoja pumzi tatu, akangoja nyingine tatu. Kwenye benchi la wageni Ndekwa alikuwa ameshika ukingo wa kanga kwa mikono miwili, jibu limemjaa kinywani.

"Yule mama anajua," alisema Sikitu kwa sauti ya kutosha.

"Huenda anajua," mwanasheria wa kwanza alisema, "lakini kimeulizwa kiti."

Nyuma ya meza kuu mtu alikohoa. Mzee Kasimbazi alikuwa amevua glavu.

"Waheshimiwa," alisema, na sauti ilimtetemeka kwa sababu hakuwahi kuitumia pale. "Miaka kumi na tisa nimekifuta kiti hiki. Kila siku natafuta alama ya mtu aliyewahi kukikalia, sijaiona. Tulisema wote hawaenei. Lakini hawa wameshakaa wote, huko kwao, kila kikundi siku yake, wakabishana, wakapatana. Huyu mama amebeba walichopatana. Akiketi yeye, ni nani kati ya waliomtuma atakayesema amenyang'anywa?"

Wanasheria walitazamana. Kila mmoja alimngoja mwenzake.

"Mama," alisema Bwana Fumbwe, "njoo uketi."

Ndekwa alimtazama Tusekile, naye akamwitikia kwa kichwa, huku akimwombea kwa nguvu zake zote. Ndekwa alipanda hatua tatu za jukwaa, akaketi ukingoni mwa kiti, kama mtu anayekaa kwenye kitanda cha mgonjwa. Mbao zikalia. Karani alishtuka, akauliza kama aandike mlio huo, akaambiwa ausubirishe.

Kisha Ndekwa akajibu. Alieleza habari za mayai, na jua la saa sita linavyopasha moto chumba cha bati, na mablanketi. Alieleza habari za mota ya Sikitu. Alitaja transfoma ya kwenye misiba na kinanda cha saa moja jioni. Hakupamba wala hakulia. Mtu mmoja mwenye mafuta kwenye mikono ya shati akajitokeza kutoka nyuma ya ukumbi. Alikuwa fundi mkuu wa nyaya. Alisema kwamba kwa kweli nyaya huchoshwa na joto la mchana, na mapumziko ya saa sita yangezifaa kuliko siku nzima.

"Mbona hamkutuambia?" aliuliza Bwana Fumbwe.

"Hatukuulizwa, mheshimiwa. Sisi hatuna hata kiti."

Mwanasheria wa pili, ambaye tangu asubuhi alikuwa mkali, sasa aliona jambo la manufaa. Alitabasamu, akasema: "Kwa kuwa leo kwa bahati njema tuna mtumiaji kitini, tumalize na ajenda iliyobaki. Mama, watumiaji mnaafiki kufungwa kwa kituo cha umeme cha kaskazini? Chekeleni haihusiki. Wala msingepungukiwa kitu. Pengine hata mngeongezewa."

Ukumbi ulimtazama Ndekwa. Tusekile aliona wazi: aseme ndiyo, na mayai yake yamepona papo hapo.

Ndekwa alitazama maneno ya kitambaa yaliyoning'inia kando ya magoti yake, akapapasa uzi wa bluu wa watu wa kuzikana.

"Hilo sikutumwa," alisema. "Kaskazini wana vikundi vyao. Waulizwe wenyewe. Mimi hata la Chekeleni likizidi haya yaliyoshonwa hapa, itanibidi nirudi nikawaulize."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko pumzi tatu, na safari hii karani hakukiandika kuwa kuafiki. Bwana Fumbwe alichukua kalamu kutoka mkononi mwa karani akaandika mwenyewe. Aliamua kwamba nyaya za Chekeleni zitapumzika kama vikundi vilivyoomba, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna nguzo ya kata yoyote itakayopakwa rangi kabla ya vikundi vya kata hiyo kuulizwa. Wanasheria walipewa kazi ya kuchunguza kama mlio wa kiti ni ushahidi. Inasemekana bado wanaichunguza, na kwamba wana furaha.

Alhamisi saa sita kamili taa ya chumba cha mashine ilizimika. Akina mama kumi na wawili walikuwa tayari na mablanketi. Kwaya walikuja na mashuka ya harusi zao. Sikitu alifika na wasagaji wake, kila mmoja na dumu la maji ya moto, wakayapanga kuzunguka kabati. Alikuwa amejipaka mafuta hadi anang'aa.

"Nipisheni," alisema, "msiniharibie mapumziko yangu."

Walikaa humo saa tatu na nusu, wakiimba kwa sauti ya chini. Ndekwa aliuweka mkono chini ya blanketi, kwenye kioo, asiuondoe. Kila aliposema bado kuna joto, mtu mmoja alimshukuru Mungu na mwingine akaanza wimbo. Saa tisa na nusu taa iliwaka. Ijumaa wakafanya vivyo hivyo.

Jumamosi asubuhi yai la kwanza lilitoboka. Tusekile aliliona tundu dogo kama la sindano, kisha ncha ya mdomo, kisha kitu kilicholowa, kibaya cha sura, kikijikokota juu ya wenzake kama mlevi. Kufikia saa nne trei zilikuwa zinachemka sauti. Si yote yaliyopasuka; machache yalibaki kimya, kama yanavyobaki hata chini ya kuku mwenyewe. Lakini watu walikuwa wamepanga mstari hadi barabarani, kila mmoja na boksi au kapu lake, na Ndekwa aliwapa vifaranga mkononi, mmoja mmoja, akiwatazama usoni. Sikitu alipokea watatu. Aliwachungulia, akauliza ni yupi kati yao aliyempiga teke, akaambiwa achague. Akamchagua mkorofi kuliko wote.

Kabla watu hawajatawanyika waliomba Ndekwa atoe shukrani. Alifumba macho, mikono bado ina manyoya.

"Mungu wetu, asante kwa joto. Asante kwa kila blanketi na kila dumu. Asante kwa mgeni uliyetuletea na sindano yake, na kwa mzee aliyevua glavu. Na asante kwa Bwana Fumbwe, kwa sababu alituuliza. Amina."

"Ngoja," alisema Sikitu, macho bado ameyafumba, kifaranga kikimparura kifuani. "Na umjalie mwakani aulize tena. Na sisi utujalie tuwe tumeshakutana."

Wote wakasema amina.